Kaburi la kwenye kona ya reli

Kabla sijajua kuhesabu mpaka mia, nilijua trois cent douze, mia tatu na kumi na mbili. Ni kilometa. Papa alikuwa mkuu wa kikosi cha kutengeneza reli huko Katanga, na watu wa reli hawakutajii kijiji wala mto, wanakutajia kilometa. Fulani alizaliwa kilometa hii, fulani aliumwa na nyoka kilometa ile. Na kaka yangu, mtoto wa kwanza wa mama, aliyekufa kwa homa akiwa na miezi saba, amezikwa trois cent douze, kwenye kona, mkono wa kushoto ukitoka Kamina. Mama alikuwa akiisema hiyo kama sala. Ukimuuliza ana watoto wangapi anakujibu watano, na sisi tuko wanne. Ukibisha utajuta.

Mama hakumzika. Kwa desturi ya kwetu mtoto mchanga huzikwa upesi, na wanaume wawili watatu, na mama yake anabaki ndani. Aliambiwa mahali, basi. Kisha ukaja uhamisho, kambi nyingine, mji, halafu Ulaya. Sasa ana miaka sabini na sita, yuko kwenye fleti ya ghorofa ya tatu Etterbeek, na figo zimekataa kazi. Mara tatu kwa wiki gari linampeleka kwenye mashine ya kusafisha damu. Mwaka jana, siku moja akitoka huko, aliniambia hataki tena maombi wala chai ya majani ya rafiki zake wa kanisani. Anataka picha ya kaburi la mtoto wake. Na niende mimi, maana mimi ndiye niliyemfuata tumboni.

"Nikufe nimeshamuona," akasema. "Ni ile tu."

Bon. Utamjibu nini mtu kama huyo? Mimi ni dereva wa basi. Kutwa napanda na kushuka barabara ya Chaussée d'Ixelles, natukanwa kwa Kifaransa, Kiholanzi na Kilingala, nami najibu kwa zote tatu. Nikajiambia njia ni njia, nikaomba likizo. Papa peke yake hakufurahi. Alisema mvua imekula njia, treni hazipiti, mwanamke atafanya nini porini, ningoje kiangazi. Nikamjibu kwamba mama hana kiangazi cha kungoja. Akachukua kalamu, akanichorea kwenye bahasha ya bima: stesheni, daraja, daraja la pili, kona.

Kamina nilikodi Land Cruiser kuukuu, nikamchukua binamu yangu, mtoto wa mjomba, anionyeshe njia. Alipoona nimekamata usukani alisubiri mpaka tulipotoka mjini, kisha akaniuliza kama huko Ulaya wanawake wakichoka kuendesha, nani anawarudisha nyumbani. Nikamwambia kabla ya kuchoka wanawashusha abiria wenye maneno. Ananiita yaya, yaani dada, kwa sababu mimi ni mkubwa wake, lakini heshima inaishia hapo.

Ile njia si barabara. Ni ukanda wa mchanga unaofuata reli, ulikanyagwa zamani na magari ya matengenezo, siku hizi unapita baiskeli za wauza makaa tu. Kulia kwako reli, kushoto majani yaliyopita paa la gari. Mchanga ukikushika unashuka, unachimba, unatandika matawi chini ya tairi, unapanda tena. Tulifanya hivyo nikaacha kuhesabu. Kwenye mito hakuna daraja la magari, lipo la treni peke yake. Basi unapandisha gari juu ya reli, binamu anatangulia kwa miguu hadi ng'ambo na kitambaa chekundu, ingawa treni ya mwisho ilipita wiki mbili nyuma, halafu unafuata polepole, tairi zinadunda taruma kwa taruma, na kati ya taruma na taruma unayaona maji chini. Nina miaka kumi na tisa kwenye basi. Pale nilimwita Yesu kwa sauti, na binamu alinicheka siku nzima.

Hata hivyo nilikuwa na furaha, nisidanganye. Niliwaza kwamba mama alipita humu akiwa msichana, amekaa dirishani na mimba ya kwanza, na kwamba kila stesheni iliyobomoka aliijua ikiwa na paa. Nilikuwa nampelekea mtoto wake. Sijawahi kufanya kazi kubwa kama ile.

Tulifika siku ya tatu, saa nane mchana. Nguzo ya saruji ilikuwa imelala kwenye majani, lakini namba ilisomeka, 312. Na kona ipo, vilevile papa alivyoichora. Nililia pale pale, hata kabla ya kuanza kutafuta.

Tukakata majani kwa panga kutoka kwenye nguzo mpaka kona inapoisha. Mchana ule, na kesho yake asubuhi yote. Hakuna tuta, hakuna msalaba, hakuna hata kipande cha sahani ambacho watu wetu huweka juu ya kaburi. Wachoma makaa waliokuwa karibu walisema wamekaa hapo miaka mingi na hawajaona kaburi. Binamu akaniambia kwa upole kwamba mtoto wa miezi saba, baada ya miaka karibu hamsini, udongo umeshamaliza. Nilimkasirikia. Niliukasirikia udongo, niliikasirikia reli, nilijikasirikia mimi niliyeingoja likizo miaka yote hiyo na kuitumia kukaa pwani ya Ostende na kula viazi.

Nilifanya nini? Nitasema, maana nimeshachoka kuficha. Niliokota mawe, yale mawe makali yaliyomwagwa chini ya reli, nikayapanga tuta dogo lenye urefu wa mkono wangu. Nikafunga msalaba wa vijiti kwa kamba ya gome. Nikaisimamisha ile nguzo ionekane nyuma. Binamu alikaa ndani ya gari, hakunisaidia hata jiwe moja. Alisema tu kwamba njia ya mwongo ni fupi. Nikamwambia anyamaze, nikapiga picha.

Nyumbani, mama alikamata simu kwa mikono miwili. Aliikuza ile picha kwa vidole, akaisogeza, akaikuza tena. Alimsemesha mwanawe kama mtu anayemsemesha mtoto anayeamka, kwa ile sauti nyembamba ambayo sikuwa nimeisikia tangu wadogo zangu walipokua. Alimwambia amelala pazuri. Alimwomba msamaha kwa kukawia. Mimi nilikuwa nimesimama karibu na kabati, natamani sakafu inimeze.

Kisha akamgeukia papa, maana mtu wa reli ni yeye. "Wewe njo muntu wa reli. Ni pale?"

Papa alivaa miwani. Aliikuza picha pale penye mawe, akaiangalia tena.

"Ni pale," akasema.

Mama alilala mchana ule bila kidonge. Wanasema uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na siku ile niliuona unamwachia pumzi kidogo. Nilikwenda jikoni kuosha vikombe, nikijiambia nimefanya vyema na Mungu atanielewa. Papa akaingia nyuma yangu, akafunga mlango.

Aliniuliza ballast ile, yale mawe ya reli, niliitoa wapi. Nikajifanya sijui ballast ni nini. Akanieleza bila kupandisha sauti: wakati wake reli ile ililala juu ya udongo mwekundu, jiwe hata moja halikuwapo sehemu zile, mawe yaliletwa yeye akiwa ameshaacha kazi. Halafu, mzee wa miaka themanini na moja, akanigombeza kwa kuchokonoa mawe chini ya reli, kwamba hivyo ndivyo treni zinavyoanguka. Niliinamisha kichwa nikingoja neno mwongo. Halikuja. Alivuta kiti, akakaa.

"Hakuko pale," akasema.

"Nani?"

"Mutoto."

Wiki ile, alinieleza, mvua ilikuwa imebeba reli mbali na kambi, na yeye alikuwa huko na kikosi siku nne. Mtoto alikufa siku ya pili. Wanaume wawili waliobaki kambini walimzika. Aliporudi, nao walikuwa wamepelekwa mbele mahali pengine palipobebwa na mvua, na alipompata mmoja wao mwezi uliofuata, yule alimwonyesha pori kwa mkono, huko. Papa alitafuta Jumapili mbili nzima. Majani yalikuwa yameshapanda. Na nyumbani mama yuko na maziwa yanayomtoka bado.

"Kila siku ananiuliza ni wapi," akasema. "Nikamupa kilometa."

Alichagua kona ile kwa sababu ni pazuri, na kutoka kwenye treni panaonekana.

Sikuweza kuketi. Nilimuuliza, na nilimuuliza kwa hasira, kwa nini basi aliniacha niende. Ule mchanga, yale madaraja. Kwa nini hakuniita pembeni akaniambia, kwa nini alichukua kalamu akanichorea.

Alivua miwani, akaiweka mezani.

"Nilizani pengine wewe utamupata."