Hiyo W Wape Dutwa

Mwanangu, ipo alasiri moja ambayo kila nikiikumbuka mapigo ya moyo yananienda mbio kama vile mpira bado unachezwa. Nimeona nikusimulie leo, kwa sababu juzi kwenye kundi letu la familia niliona ulivyomjibu mama yako mdogo. Aliandika "nawasalim wote, poleni na msiba", akakosea maneno mawili matatu, na wewe badala ya kupokea pole ukamwekea nyota na neno lililosahihishwa. Sikukujibu pale mbele za watu. Nakujibu hapa, tukiwa wawili.

Nilikuwa bado kijana. Usicheke, hata mimi nilikuwa kijana! Nilikuwa Mwanza, nashona nguo kwenye kibanda cha watu, na simu za kupangusa ndiyo kwanza zilikuwa zimeanza kutufikia watu wa kawaida. Sisi wa Ngulyati, kule Bariadi, tulikuwa na kundi letu la WhatsApp. Walikuwemo waliobaki nyumbani na walioondoka: wa Shinyanga, wa Dar, wa Dodoma. Asubuhi lilijaa "mwangaluka", jioni "mwadila", katikati misiba, mvua na bei ya pamba.

Wakati huo baba yangu mkubwa, mzee Nkwabi, alikuwa amelazwa Mwanza. Alianguka na baiskeli akitoka mnadani, mguu ukavunjika vibaya, wakamfunga plasta kuanzia kwenye paja. Mimi ndiye niliyekuwa nampelekea uji na chakula. Na mwanawe wa mwisho, Salu, ndiye alikuwa mshambuliaji wa timu yetu ya Ngulyati.

Sasa sikia. Timu yetu iliingia fainali ya ng'ombe! Mshindi anaondoka na dume zima, na tulikuwa tunacheza na Dutwa. Uwanja ulikuwa Nkololo ili pasiwe na mwenyeji. Wewe hujui Ngulyati na Dutwa siku zile zilivyokuwa zinataniana. Mtu wa Dutwa akikuuzia mahindi anakuuliza kwanza mara ya mwisho tulifungwa ngapi. Mzee Nkwabi mwenyewe aliwahi kuichezea Ngulyati enzi za ujana wake na hakuwahi kuwafunga Dutwa hata mara moja. Lile jambo alikuwa nalo moyoni. Na leo mwanawe anaingia uwanjani, yeye amelala kitandani anaangalia dari.

"Mayu," yaani mama, aliniambia nilipofika saa ya kuona wagonjwa, "hiyo simu yako inaweza kutuambia chochote?"

Nikamwambia inaweza, kwa sababu Kabula yupo uwanjani.

Kabula alikuwa binti wa pale kwetu, muuza karanga na chai ya tangawizi. Hakufika mbali shuleni. Mama yao alifariki, wadogo zake wakabaki mikononi mwake, madaftari yakaishia hapo. Lakini kusimulia, mwanangu, alizaliwa nako. Kutwa anauza karanga kando ya uwanja, kwa hiyo alijua mchezo kuliko vijana wengi. Siku hiyo aliacha kuuza, akasimama karibu na goli, akaanza kututumia mpira kwa maandishi, kwa bando lake mwenyewe.

"Mpila umeanza jamani. Watu ni wengi apa akuna pa kukaa."

"Salu ana mpila. Anakimbia kama ameiba. Kampita mmoja kampita wa pili mama yangu weee."

"Kapiga!!! Golikipa kadaka. Uyu golikipa kala nini leo."

Nilikuwa namsomea mzee kwa sauti. Mgonjwa wa kitanda cha jirani akageuza kichwa. Wa ng'ambo akaomba niongeze sauti. Punde si punde nilikuwa natangazia wodi nzima, wengine hata Bariadi hawajawahi kufika, lakini tayari walishachagua upande. Salu akianguka wanaguna. Refa akitoa kadi wanamlaani. Mzee Nkwabi alikuwa ameshika vyuma vya kitanda kwa mikono miwili, na ule mguu wake mzima unapiga mpira chini ya shuka.

Ndipo Masanja akaingia.

Masanja ni kijana wa kwetu pia, alikuwa chuoni Dodoma akisomea ualimu wa Kiswahili. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amejifunza kitu kizuri, na kilikuwa kinamwasha. Akaandika: "Ni mpira, siyo mpila." Kabula hakumjali, akaendelea na kona. Masanja tena: "Hapa, siyo apa." Kabula anatuambia beki wetu kaumia, Masanja anamwambia neno ni "huyu". Wengine wakaanza kutuma vile vikatuni vya kucheka. Nadhani vile vicheko vilimpa kichwa, maana akaandika: "Hivi dada, darasa uliishia la ngapi?"

Kila mtu mle alijua darasa aliloishia Kabula, na alijua kwa nini.

Kabula akaandika: "Basi mwenye kiswaili chake atangaze yeye." Akanyamaza.

Mwanangu, mpira ulikuwa bado bila bila! Kipindi cha pili kimeanza, na hatuoni kitu. Kundi zima likabaki linaulizana: "Vipi huko?" "Nani yupo uwanjani?" Wenzake waliokuwa uwanjani walikuwa wanaangalia mpira, nani ashike simu? Wodini wakanigeukia mimi kana kwamba ndiye niliyezima. "Soma, dada!" Nisome nini?

Mzee Nkwabi akaniuliza kimetokea nini. Nikamsomea yote, hata lile swali la darasa. Uso wake ukabadilika. Akanyoosha mkono. "Nipe niongee humo."

Nikambonyezea kile kipaza sauti, nikamsogezea mdomoni. Naikumbuka sauti yake hadi leo, haikuwa ya ukali.

"Ndugu zangu, mwadila. Huyu ni Nkwabi, baba yake Salu. Masanja, mwanangu, mimi nilikuwa wa kwanza kufurahi ulipokwenda chuo, na bado nafurahi. Lakini mimi hapa nasomewa. Nikisomewa sisikii r wala l, nauona uwanja wa Nkololo. Binti wa watu amesimama juani anaangalia kwa ajili yetu, halafu wewe unamuuliza darasa? Anapokosea neno, mfuate pembeni mkimaliza, umwambie kama dada yako. Atakushukuru. Ukimwambia mbele ya watu wanaocheka, hujamfundisha, umemnyamazisha. Na sisi wote tumepofuka." Akavuta pumzi. "Kabula, mayu, nakuomba urudi. Mwanangu yuko uwanjani na mimi siwezi kusimama."

Ujumbe ukatumwa. Wale waliotuma vicheko wakaanza kuvifuta, nikawa naona vinapotea kimoja kimoja. Kisha Masanja akaandika, na safari hii bila kusahihisha mtu: "Baba, nimekosa. Dada Kabula, nisamehe. Lile swali halikuwa na adabu. Hata mimi sina kwingine kwa kuupata mpira huu, tafadhali rudi."

Tukasubiri. Mzee alifumba macho. Halafu simu ikatetemeka mkononi mwangu.

"Kona yao. Wameokoa. Nipo baba."

Wodi ikapiga makofi! Na hapo Kabula alitupeleka mbio sijawahi kuona. Mpira umegonga mwamba. Refa kanyima penati, watu wanataka kuingia uwanjani. Dakika zimebaki chache. Salu anachechemea lakini kakataa kutoka. Frii kiki yetu, karibu na boksi, vumbi tupu, haoni vizuri. Nilikuwa nasoma huku sauti inanikauka.

Kisha likaja neno moja, herufi kubwa tupu:

"TUMEFUNGWA"

Nililisoma kabla sijalifikiri. Laiti ningelimeza. Mgonjwa wa jirani akasema "Aaah!" akajifunika shuka. Mzee Nkwabi aliachia vile vyuma vya kitanda polepole, akageuza uso ukutani, nikaona bega lake linashuka. Kundini watu wakaanza kutuma machozi. Mwingine akaandika kwamba Dutwa ni Dutwa tu, hakuna la kufanya.

Masanja peke yake ndiye aliyesita kwanza. Akaandika taratibu, na nimeyashika maneno yake: "Dada Kabula, pole na kazi. Naomba kuuliza kwa heshima, ili nielewe vizuri. Tumefunga sisi, au tumefungwa na wao?"

Lilikuja jibu la sauti. Nilipolifungua zilianza filimbi, ngoma, na akina mama wanapiga vigelegele, halafu Kabula anapiga kelele hadi simu inakwaruza: "Sisi! Sisi ndio tumefunga! Salu kapiga kichwa! Baba, mwanao kafunga! Refa kamaliza! Dume letuuu!"

Mwanangu! Wodi ililipuka! Mwenye drip aliinua mkono usio na sindano. Aliyejifunika shuka alilirusha. Mzee Nkwabi alitaka kushuka kitandani na plasta yake, tukamshika, huku analia na kucheka kwa pamoja, "Salu! Salu wangu! Wabeja, Kabula, asante, wabeja sana!" Muuguzi akaja mbio kutugombeza, akasimama mlangoni, akauliza nani anaumwa. Hakuna aliyekuwa anaumwa.

Kabula akaandika baadaye: "Samaanini jamani iyo w sijui imetokea wapi."

Na Masanja akamjibu: "Hiyo w wape Dutwa, leo ni ya kwao."

Kundi lilicheka hadi jioni, na Kabula alicheka kuliko wote. Usitegemee nikwambie walioana, Masanja alioa huko Maswa na Kabula ana mume wake. Lakini waliandikiana pembeni muda mrefu. Alipoanza kupokea oda za chakula cha sherehe, kila tangazo alimpelekea Masanja kwanza, naye akalinyoosha bila kumtangazia mtu. Kwenye mpira, hata leo anaandika "mpila". Hakuna anayemgusa.

Sasa chukua haya kutoka kwangu. Sikukatazi kujali lugha. Umeona herufi moja ilivyomgeuza mzee ukutani, kwa hiyo wewe unapoandika, soma tena kabla hujatuma, hasa jambo la msiba, dawa au safari. Lakini wengi wetu huku tulianza kuongea Kisukuma nyumbani, Kiswahili kikatukuta njiani. Mtu akiandika, tafuta kwanza anachokwambia. Ukielewa, jibu alichosema. Usipoelewa, uliza kwa heshima kama Masanja alivyouliza mara ya pili. Ukitaka kumsahihisha, mfuate pembeni. Na kiwango cha shule cha mtu usikiulize kamwe mbele ya watu. Leo hii mpigie mama yako mdogo, umwambie pole yake imefika.

Mungu akupe akili ya kusoma maneno na moyo wa kumsoma aliyeyaandika. Akujalie watu wasioogopa kukuandikia, na habari njema zikufikie zikiwa bado za moto. Amina.