Kidole cha Bi Povu

Seremala mzee, ambaye mtaa mzima ulimwita Randa, alikuwa amemshikilia mkewe mbele ya dirisha la bima. Dole gumba la kulia la mzee huyo lilikuwa limefungwa bendeji nene. Msumeno ulikuwa umelipitia jana yake. Maumivu aliyavumilia. Kilichomtoa jasho ni kwamba dole hilo ndilo lililokuwa likimpatia mkewe matibabu.

Mkewe, Bi Povu, alifua nguo za watu tangu usichana, mpaka magadi na sabuni vikamla vidole, vikawa laini kama kigae. Siku wazee walipoandikishwa bima, mashine ya alama za vidole ilivikataa vyote. Mwandikishaji, roho ikiwa imeshatangulia kwenye chakula cha mchana, akasema, "Mzee, weka chako. Nyinyi si mwili mmoja?" Wakacheka, akaweka. Tangu hapo, kila walipokwenda kliniki, Randa aliupenyeza mkono wake chini ya mtandio wa mkewe, taa ya kijani ikawaka. Walijua ni uongo. Waliuzoea.

"Kidole, bibi," alisema karani.

Bi Povu akaweka chake. Taa nyekundu. Akakipangusa, akaweka tena. Nyekundu.

"Nilikwambia uachane na ule msumeno," alimnong'oneza mumewe, pumzi zikimkatika. "Macho yenyewe huna, unajitia ujana."

"Nigombeze baadaye. Sasa vuta hewa."

Midomo ya Bi Povu ilikuwa imeanza kubadilika rangi. Daktari alishasema alazwe mara moja, kwenye kitanda chenye oksijeni, lakini wodi haikumpokea mtu ambaye dirisha halijamtambua. Randa akaanza kuifungua bendeji kwa meno.

"Baba, unafanya nini?" karani akashtuka.

Akalibandika dole juu ya kioo cha mashine. Kioo kikatapakaa damu, taa ikabaki nyekundu ile ile. Randa angeweza kusema mashine ni mbovu, warudi kesho. Kesho ya nani?

"Mwanangu, nisikilize," akasema, na foleni nzima ikamsikia. "Alama iliyomo humo ni yangu, si yake. Zake zimekwisha kwa kufua. Mtu wenu ndiye aliyenielekeza, nami nikakubali. Mimi nifungeni. Yeye mpelekeni ndani."

"Huo ni udanganyifu, mzee. Utanyang'anywa kadi."

"Ninyang'anye. Lakini kwanza yeye!"

Karani akamwita msimamizi. Mama huyo akavipapasa vidole vya Bi Povu, kisha akamgeukia karani kwa hasira.

"Asiye na alama anatambuliwa kwa sura yake. Agizo lipo siku zote. Hamkuwaambia?"

Hakuna aliyewaambia. Machela ikaletwa mbio. Bi Povu, akiwa tayari amelazwa, akainua kichwa.

"Msimfunge huyo! Nani atanirudisha nyumbani?"

Mlango wa wodi ukafungwa. Msimamizi akaichukua kadi ya Randa mpaka shauri lake lisikilizwe, na bila kadi hakuna ambaye angemshona kile kidonda. Yule aliyemfundisha uongo hakuulizwa na mtu, na karani aliyelikalia agizo alikuwa ameshamwita mgonjwa mwingine.

Randa akauokota mtandio wa mkewe sakafuni, akalizungushia dole, akaketi kwenye benchi, macho yake kwenye mlango wa wodi.