Miaka Minane Niliyojipunguzia

Nina miaka hamsini na minne. Nimelikana jambo hilo kwa muda mrefu, mbele ya watu wa ofisi, mbele ya waumini wenzangu, na mara moja mbele ya mwanamume mmoja aliyekuwa na nia ya kuniposa. Kitambulisho changu cha ukimbizi kinasema nina arobaini na sita. Siwezi kukilaumu. Kiliandika nilichosema.

Siku tuliyoandikishwa, mdogo wangu alikuwa mbele yangu kwenye foleni. Karani alimwuliza mwaka wa kuzaliwa, akautaja bila kufikiri, akaandikiwa tarehe mosi Januari kama wengi tuliofika bila karatasi. Nyuma yangu mtu alikuwa akinong'ona kwamba kazi za ualimu wanapewa vijana tu. Zamu yangu ilipofika, nilitoa miaka minane papo hapo. Nilikuwa nimesomea biolojia na ualimu chuo kikuu, Bukavu, kwa hiyo kutoa nilikuwa najua. Sikupiga hesabu iliyobaki. Mdogo wangu, ambaye nilimtangulia kwa miaka mitatu, alitoka pale akiwa dada yangu mkubwa kwa miaka mitano. Na binti yangu, ambaye sasa ana miaka thelathini na miwili, akawa amezaliwa na mama wa miaka kumi na minne. Mama huyohuyo ndiye anayewafundisha wasichana wa Juru, mtaa wetu katika kambi ya Nakivale, Uganda, hatari za mimba za utotoni.

Mdogo wangu hajaacha kunicheka. Nyumbani ananiita Yaya, kama tunavyomwita dada mkubwa kwetu. Mbele ya watu ananiita mdogo wangu, na kunituma.

"Mdogo wangu, leta kiti. Heshimu bakubwa."

Nami naleta.

Kosa langu la pili lilikuwa kubwa kuliko la kwanza: nilianza kuamini. Hedhi yangu ilipokoma nikiwa na hamsini na moja, nilijiambia imewahi. Watu wa umri wangu, nikawaza, bado wanaiona. Umri wangu! Nilijihurumia kwa kukoma mapema, na kwa muda fulani nilifurahia huruma hiyo.

Kila Alhamisi alasiri nawafundisha wanawake katika nyumba ya maombi. Hatuna picha za ukutani, kwa hiyo nilishona kizazi cha kitenge. Kina ukubwa wa mto wa kulalia mtoto mchanga, ingawa nawaambia kila mara kwamba cha kweli, kisipokuwa na mimba, hakizidi ngumi ya mwanamke. Mirija miwili nimeisuka kwa kitambaa chekundu. Ovari ni vifuko viwili vya maharage. Upande wa mbele kuna vifungo vinne, na ukivifungua unaona ndani utando wa flana ya waridi, ambao nauchomoa kuonyesha kinachotoka kila mwezi. Mara ya kwanza kuuchomoa, mama mmoja alitoka nje. Mara ya pili alirudi na majirani watatu.

Alhamisi moja, msimu wa kupanda mahindi, nilikuwa nikifundisha kukoma kwa hedhi. Nilieleza kwamba ovari ndizo zinazotoa amri mbili. Ya kwanza inauambia utando ukue. Ya pili inauambia utulie, ukomae, na mimba isipoingia, ubanduke. Ovari zikichoka, amri ya pili inakatika kabisa. Ile ya kwanza haikatiki yote, kwa sababu mafuta ya mwili yanaendelea kuitoa kidogo kidogo. Nikapiga nyonga zangu kofi, wakacheka. Utando unaweza kukua bila mtu wa kuusimamisha, nikasema.

Mama mmoja Mrundi, mkimya, anayekaa karibu na mlango, akainua mkono.

"Mwalimu, na damu ikirudi?"

"Ikipita mwaka mzima bila hedhi, halafu damu ikarudi, hata tone moja, hiyo si hedhi. Usingoje. Nenda hospitali."

"Hata kama haiumi?"

"Hasa kama haiumi."

Nilisema hivyo nikiwa nimevaa kitambaa cha hedhi. Ilikuwa wiki ya tatu ya damu. Nilifunga vifungo vyangu vinne, nikafunga kwa maombi, nikarudi nyumbani nikitembea kama mtu aliyebeba mayai.

Nilikuwa na maelezo kwa kila jambo. Nimeinua gunia. Nimekunywa dawa ya malaria. Na ile niliyoipenda kuliko zote: nina arobaini na sita, na katika umri huo mwezi huchezacheza. Nilivifua vitambaa peke yangu na kuvianika ndani, nyuma ya kabati. Miezi mitatu ikapita hivyo. Mchana nilikuwa nafundisha na kulima. Lakini kila nilipoingia chooni nilikuwa nafumba macho kwanza, kama mtoto, halafu nafumbua jicho moja.

Mdogo wangu alivikuta vile vitambaa akitafuta sufuria.

"Yaya, hii damu ni ya nani? Mu hii nyumba mimi nilisha maliza."

"Yangu. Niko mu mwezi."

"Mwezi gani? Yako ilikufa tangu tulipanda avoka ya mlangoni. Angalia avoka, imenipita urefu."

"Inaweza kurudi kwa mtu wa umri wangu."

Aliviweka vitambaa juu ya meza, polepole.

"Umri gani, Yaya? Mimi na wewe tu njo tuko hapa."

Asubuhi iliyofuata tulichukua boda hadi Kabingo, na kutoka Kabingo tukaenda Mbarara. Njiani hakunitania hata mara moja, na hilo liliniogopesha kuliko damu.

Kwenye kliniki, mtu wa mapokezi alichukua vitambulisho vyetu viwili, akajaza fomu bila kutuuliza. Umri wa mgonjwa: arobaini na sita. Aliyemsindikiza: dada mkubwa. Mdogo wangu aliisoma, akanitazama.

Daktari alikuwa kijana mwenye adabu, akizungumza Kiingereza. Kiingereza changu kinatosha kusoma, lakini siku hiyo woga ulikuwa umekifuta, basi nesi mmoja mnene, mchangamfu, alitafsiri. Daktari aliuliza hedhi ilikuwa imekoma muda gani kabla ya kurudi. Ilikuwa miaka mitatu. Nilitazama umri wangu pale juu ya fomu, nikaona miaka mitatu haitakaa vizuri chini yake.

"Miezi michache," nikasema.

Waliongea kidogo, kisha nesi akanigeukia akitabasamu.

"Mama, dokta anasema wewe bado kijana. Hiyo kitu inachezacheza tu. Inaenda, inarudi. Hapana ogopa. Kunywa hii dawa ya kuongeza damu, rudi baada ya miezi sita kama bado inasumbua."

Nilipaswa kufurahi, na kwa hatua kumi kutoka kwenye ile meza nilifurahi kweli. Mtu mwenye koti jeupe alikuwa amesema maneno yaleyale niliyokuwa nikijiambia. Nilikuwa nimeshika bahasha ya vidonge. Miezi sita! Nilikuwa najua kinachoweza kufanyika ndani ya utando kwa miezi sita. Nilikuwa nimeufundisha kwa flana. Chembe zinajazana, zinabadilika sura, halafu siku moja zinaacha kuwa za utando na kuanza kuula ukuta wa msuli. Nikaitia bahasha mfukoni, nikaelekea mlangoni.

Mdogo wangu alisimama mlangoni, akanizibia njia mbele ya wagonjwa wote waliokuwa kwenye benchi.

"Yaya," akasema kwa sauti. Hakuwahi kuniita hivyo mbele ya watu tangu tulipofika Uganda. "Yaya, rudi mule."

"Wamesema ni kawaida."

"Benyewe bamepima ile karatasi. Bakupime wewe."

Nilirudi. Nilibisha hodi, nikaingia kabla ya kujibiwa. Nesi alidhani nimesahau kitu.

"Mwambie daktari nina hamsini na nne," nikasema. "Na mwambie ilikoma miaka mitatu."

Nesi aliitazama fomu. "Mama, ya karatasi inasema..."

"Karatasi niliiambia mimi."

Nilitegemea anicheke, au aite mtu wa ofisi anifute kwenye daftari la wakimbizi. Hicho ndicho nilichokiogopa miaka yote: siku nitakayokiri umri, mtu atauliza ni nini kingine nilichodanganya. Daktari hakuuliza. Aliuacha mkao wa adabu, akasogeza kiti, akakata namba moja kwenye fomu na kuandika nyingine juu yake. Kisha akaanza kwenda haraka, na wepesi wake ulinitisha kuliko kitu chochote alichosema.

Kwenye ultrasaundi nilikiona kizazi changu kwa mara ya kwanza. Hakikuwa na vifungo. Kilikuwa kivuli cha kijivu, na ndani yake mstari mweupe ambao ulipaswa kuwa mwembamba kama uzi na ulikuwa mnene kama kamba ya katani. Nesi aliutazama, akaacha kuchangamka. Baadaye daktari alipitisha mrija mwembamba kwenye mlango wa kizazi na kuchukua kipande kidogo cha utando. Iliuma kama uchungu wa kuzaa uliofupishwa. Mdogo wangu alinishika mkono, na nilimkwaruza hadi akatoka damu yeye pia.

"Matokeo tutapiga simu," wakasema.

Mtandao wetu unashika vizuri karibu na kichuguu, mwisho wa shamba la maharage. Nilihamia huko. Jirani aliyepita kila asubuhi aliuliza kama nalinda nyani. Alhamisi ya kwanza nilishindwa kufungua vifungo vya kizazi cha kitenge, vidole vilikataa. "Leo Mwalimu amekifunga na kufuli," mama mmoja akasema, wakacheka, nami nikacheka, nikafundisha unyonyeshaji badala yake. Alhamisi ya pili sikwenda. Nilikuwa nimeshaanza kukisikia ndani yangu kizito, ingawa najua, na nimefundisha, kwamba kizazi hakina uzito wa kusikika.

Siku ya kumi na saba tulikuwa tunapura maharage pale kando ya kichuguu. Simu ikalia. Nilipokea kwa mkono uliojaa makapi. Hakuwa yule nesi mnene. Sauti ilikuwa ya mwingine.

"Hallo, ni mama ya Nakivale? Matokeo yako imefika. Lakini kwanza ambia mimi, hapa miaka yako iko mbili. Arobaini na sita imekatwa, hamsini na nne iko juu. Gani ni ya wewe?"

"Hamsini na nne."

"Una hakika?"

"Nina hakika."

Nilisikia kalamu. Mdogo wangu alikuwa ameacha kupura, fimbo ikiwa juu.

"Sawa. Mama, si kansa. Unasikia? Si kansa. Lakini si nzuri pia. Ile nyama ya ndani imeanza kubadilika, na kwa miaka yako dokta hataki kungoja. Anasema tutoe kizazi yote, haraka, kabla haijageuka. Unasikia, mama?"

"Nasikia."

"Kuja Jumatatu asubuhi, hapana kula. Na kuja na mtu wa kutia sahihi. Hapa wameandika dada yako mkubwa."

"Huyo ni mdogo wangu," nikasema. "Andika mdogo."