Uyoga wa Manga na Sura Niliyotaka Kuimaliza

Kuna njia ya kupanda mlima wa Manga ambayo mpaka leo nikiipita naangalia chini, na si kwa sababu ya utelezi, ni kwa sababu ya watu wanaonikumbuka, kwa hiyo wacha niwaeleze mwenyewe kabla hamjaelezwa na mwingine.

Mimi na rafiki zangu wawili wa kanisa, Moraa na Kerubo, tulikuwa na desturi ya kupokea mvua za kwanza: tunapanda mlima na jiko dogo, ndizi za kupika, chinsaga changa, ile mboga chungu ya huku, kutoka shambani, na kitabu cha kututia moyo ambacho mimi ndiye msomaji (nina duka la vitabu Keroka, na nikianza kueleza kitu sijui kunyamaza). Mwaka huo Moraa alikuwa na mimba kubwa, ya kwanza baada ya kungoja sana, akawa anapanda polepole akishika kiuno.

Katikati ya njia nikaona uyoga mweupe kando ya kichuguu. Mimi ni wa kule ziwani, na kwetu uyoga wa kichuguu hauulizwi maswali, unachumwa tu.

"Nyinyi watu wa ziwa mnajua samaki," Kerubo akasema. "Uyoga mlifundishwa na nani?"

Nikamweleza kwa utaratibu jinsi mchwa wanavyoukuza, nikaeleza tena, mpaka Moraa akasema, "Mama Akinyi, chuma basi, huyu wa tumboni ana njaa."

(Kichuguu chenyewe, nilikuja kuambiwa, kilikuwa udongo tu ambao mtu aliutupa alipochimba shimo, nyasi zikauotea.)

Chakula kilipoiva nilikuwa nimefika pahali patamu, mjane wa kwenye hadithi anarudi katika shamba alilofukuzwa, nikasema nyinyi kuleni, nimalize sura hii. Hata chumvi aliionja Kerubo. Na kwa desturi ya huku mpishi ndiye anayeanza kula, wageni wakimwona, wajue chakula ni salama, jambo ambalo nililijua vizuri kabisa. Sura ilikuwa ndefu. Walimaliza uyoga, wakaniachia ndizi.

Tukiteremka Moraa akaanza kutapika, kisha Kerubo, mimi nikawa namshika huyu huku yule anaanguka, mpaka tukapata boda boda za kutufikisha hospitali.

"Nani amekula?" muuguzi akauliza. Wao wawili.

"Nani amepika?"

"Mimi."

"Na wewe hujisikii vibaya?"

"Mimi sikula."

Benchi zima la wagonjwa likageuka. Mama mkwe wa Moraa alikuwa ameshafika, na hakupaza sauti, heri angepaza. "Umempikia mwenye mimba," akasema, "wewe ukakaa bila kula."

"Nilikuwa nasoma, mama."

Nikasikia mwenyewe jinsi jibu hilo lilivyo, na badala ya kunyamaza nikatoa kitabu kwenye mkoba nikamwonyesha ukurasa. Mtu mmoja akacheka. Mwanamke aliyekuwa karibu nami akamvuta mtoto wake upande wa pili.

Kerubo alipona upesi. Moraa alilazwa, na kwa siku kadhaa hakuna aliyejua kama mtoto atabaki. Huko nje mambo ya sumu yalisemwa, na wateja wangu wakaanza kupita upande mwingine wa barabara.

Mtoto alibaki. Alipozaliwa nilipeleka uji wa wimbi kwenye chupa. Mama mkwe akamimina vikombe viwili, cha Moraa akakiweka kando, changu akakiweka mbele yangu. Nikafungua mdomo nieleze.

"Kunywa kwanza, Mama Akinyi. Kueleza utaeleza baadaye."

Nikanywa wote, wa moto, ulimi ukaungua. Tukangoja. Moraa alimtazama mtoto tu, hakunitazama mimi. Uji wake ulipoanza kupoa ndipo mama mkwe akamwambia, "Haya, kunywa."

Mvua za kwanza bado nazipenda, na kitabu bado nakibeba. Lakini chakula kikiiva nafunga kitabu, najipakulia wa kwanza, nakula watu wakinitazama, kisha nangoja. Wasionijua huniona mlafi, na hilo ndilo jambo pekee ambalo siku hizi simwelezi mtu.