Magoti Niliyomtunzia Shangazi

Nakumbuka vizuri asubuhi niliyosali juu ya kiti kwa mara ya kwanza, mwanangu, nami nilikuwa na miaka arobaini na mbili tu. Wazee wa umri wa baba yangu wamejipanga safu, wanarukuu, wanasujudu, wananyanyuka, na mie nimekaa pembeni kama mgeni wa harusi. Magoti yalikuwa yamekataa. Daktari wa mjini Chake Chake alishanieleza: sukari imepanda, mwili umekuwa mzito, dawa nitakunywa, lakini kubwa zaidi nitembee kila siku kwa miguu yangu.

Nikanunua raba nyeupe. Nikanunua na truksuti ya buluu, maana mie nikianza jambo huanza na nguo. Siku ya kwanza sijafika hata njia kubwa, jirani akaniita: "Mwalimu, wenda wapi? Kuna msiba?" Si unatujua Wapemba! Mtu mzima hapiti njiani asubuhi bila ya safari. Ukisema natembea tu, siendi popote, jioni mkeo anaulizwa kama umeanza kuchanganyikiwa. Nikadanganya kuwa naenda dukani. Mbele kidogo mwenye vespa akasimama: "Panda, Mwalimu, nikufikishe." Kukataa niliona ni utovu wa adabu, nikapanda. Siku ya pili ikanipakia gari ya ndizi. Wiki mbili nzima nikafanya mazoezi juu ya vyombo vya watu, nikirudi nyumbani nakunywa chai kwa mandazi na kujipongeza. Wiki ya tatu raba zikabaki nyuma ya mlango, zinakula vumbi.

Aliyeziona ni shangazi yangu, Bi Mgeni, dada wa baba. Alikuwa ameshapita miaka themanini, mwembamba, anakaa peke yake upande wa pwani hapa hapa Vitongoji, mwendo wa dakika arobaini na tano kutoka kwangu. Hakujaaliwa mtoto. Alikuja kutuangalia, kwa miguu bila shaka, akaketi mkekani, na alipotaka kuondoka akasimama bila ya kushika kitu. Nilimwangalia kwa wivu, sikufichi.

"Viatu hivi vya nani?" akaniuliza. Nikamweleza yote, mpaka habari ya gari ya ndizi. Nilidhani atacheka. Hakucheka.

"Nisikilize," akasema. "Mie sina mwana. Baba yako keshatangulia. Siku yangu ikifika, wa kushuka kaburini kunipokea ni wewe. Sitaki nipokewe na mtu baki na damu yangu ipo. Sasa kwa magoti hayo utashuka vipi? Au utateremshiwa kiti huko chini?"

Yarabi! Nilitazama chini, nikatamani ardhi inimeze.

"Kuanzia kesho uje uniamkie," akaendelea. "Kila siku, ukishasali alfajiri, kwa miguu. Akikuuliza mtu wenda wapi, mwambie naenda kumwamkia shangazi. Akitaka kukupakia, mwambie shangazi kakataza. Hapana atakayekulaumu."

Na kweli, hakulaumu mtu. Wenye vespa wakawa wananipita wakipiga honi, "Msalimie Bi Mgeni!" Siku za mwanzo nilikaa chini njiani mara tatu, nahema. Nikifika: "Shikamoo, shangazi." "Marahaba. Umechelewa." Nakunywa kikombe cha kahawa chungu, nageuza.

Yakaingia masika. Asubuhi moja mvua ilimwagika hasa, nikajifunika shuka gubigubi. Leo shangazi ataelewa, nikajiambia, kesho nitakwenda mara mbili. Saa mbili hivi nikasikia hodi. Ni Bi Mgeni, kaloa chapachapa, buibui limemganda mwilini, kandambili mkononi, matope mpaka magotini.

"Nilidhani umekufa," akasema. "Nikaona basi nije mie nikuamkie wewe."

Mwanangu, mwili ulinisisimka wote. Njia ile ile iliyonitisha mie, kaipita bibi wa miaka themanini na kitu, na wala hahemi! Nikamuuliza, "Shangazi, nguvu hizi unazitoa wapi? Wewe huoni uvivu?"

"Kila siku naona. Kila alfajiri mwili huniambia lala. Siujibu. Najitanda buibui, natoka, tukabishane njiani."

Nililia mbele ya mke wangu. Kisha nikavaa raba, nikamrudisha kwake katika mvua ile ile, na sikuweza kwenda sawa naye.

Nilikwenda miaka tisa. Zipo siku nilizokosa, kwa homa au safari ya Unguja, lakini nikirudi nilianza tena kama kawaida. Sukari ikateremka. Na siku paji langu la uso lilipogusa tena mkeka wa msikiti, nilikaa katika sijda ile hadi jirani yangu akadhani nimezimia.

Mwaka wa tisa, asubuhi moja, nilibisha, nikatoa salamu, hakuitika.

Tulimzika alasiri. Nilivua viatu, nikashuka kaburini na wenzangu wawili wa ukoo, nikapiga magoti mchangani, nikanyoosha mikono, nikapewa shangazi yangu. Alikuwa mwepesi mno. Tukamlaza kwa ubavu wa kulia, tukamwelekeza kibla. Subhanallah! Nilidhani nilikuwa nateremsha sukari, kumbe miaka yote ile nilikuwa natembea kuiendea saa ile. Tulipomaliza, vijana waliinama kunivuta. Nikawaambia niacheni, nikapanda mwenyewe.

Basi wewe uliyeanza mazoezi mara tatu na kuacha mara tatu, usijitukane. Usiusubiri moyo utake. Tafuta pa kwenda, na mtu huko atakayejua kuwa leo hukuja. Nenda kwa kiasi unachokiweza, na ukikosa siku moja, ya pili yake toka, usijitie kukimbia mara mbili. Truksuti si lazima. Kesho ukishasali alfajiri nitakuwa barazani kwangu. Njoo uniamkie, kwa miguu. Na mie siku yangu ipo. Usipokuja, nitakuja mie, hata kwa mvua.

Mwenyezi Mungu akupe magoti ya kusujudia mpaka mwisho wa umri wako, na akujaalie wa kumtunzia. Amin.