Shemeji Aliinyoosha Sarafu Yangu kwa Nyundo, Nami Nimempa Maneno ya Kumwaibisha

Admin, tafadhali lifiche jina langu. Wengi wanaousoma ukurasa huu ni waumini wenzangu, na baadhi yao niliwafundisha kuandika.

Mimi ni mwanamume wa miaka sitini na saba, mjane, mwalimu mstaafu. Nilizaliwa Uvira, Kongo, nikasomea ualimu Kigoma, na sasa naishi Marekani, mjini Louisville, mtaa wa Beechmont. Nilipofika hapa sikuwa na mtu wa kuzungumza naye mchana, kwa kuwa wanangu wote hushinda kazini kwenye maghala. Jirani yangu alikuwa mzee wa Kibulgaria aliyekusanya sarafu za kale za dola ya Bizanti na za wafalme wa kwao. Alinifundisha kuzitazama na kuzieleza, nami nilikitafutia kila kitu jina lake la Kiswahili, kwa sababu jambo nisiloweza kulisema kwa lugha yangu sihesabu kuwa nimelielewa.

Kabla ya kufariki alinipa sarafu moja ya shaba ya mfalme wa Bulgaria. Sarafu za aina hiyo hazikuwa bapa. Zilitengenezwa zikiwa zimebonyea kama kikombe, kwa kufuata mtindo wa Bizanti. Upande uliotuna, wenye Kristo, ndio uso wake. Upande uliobonyea, wenye mfalme, ndio mgongo. Juu yake palikuwa na ngozi ya kijani, yaani ile kutu laini ambayo shaba huivaa kwa mamia ya miaka, na ambayo mkusanyaji mwenye akili haisugui kamwe.

Shemeji yangu, mume wa dada yangu mdogo, anaishi Buffalo, upande wa Kensington-Bailey, na anafanya kazi kiwandani. Alipotutembelea aliiazima sarafu ile akawaonyeshe watu wa kanisa lake. Nilimpa kwa ajili ya dada yangu. Nilipokwenda Buffalo kwenye ubatizo wa mjukuu wao, niliikuta ukutani sebuleni, ndani ya fremu, bapa kama kifungo cha koti. Alikuwa ameisugua kwa majivu na ndimu mpaka ikang'aa, kisha akaiponda kwa nyundo ili iingie kwenye fremu. Ukingo ulikuwa umepasuka, na uso wa Kristo ulikuwa na shimo la nyundo.

"Bon, shemeji, ile kitu ilikuwa ya kupinda," aliniambia kwa Kiswahili chetu cha Kongo, kilichochanganyika na Kifaransa. "Miye nimekunyooshea tu. Hata aksanti huna?"

Machozi yalinitoka mbele ya wageni. Akawageukia. "Muone mzee analilia kizibo ya soda!"

Walicheka, na mchungaji alicheka pamoja nao. Tangu siku hiyo naitwa Mzee Kizibo, Buffalo na Louisville pia. Nimeitwa hivyo dukani Grant Street, kulekule Buffalo, na mtu nisiyemjua. Mjukuu wangu aliniuliza, kwa Kiingereza, jina hilo lina maana gani. Ni dada yangu peke yake aliyesimama siku ile akasema, "Munyamaze, huyu ni mwalimu wenu."

Nilingoja nafasi yangu. Mwezi huu shemeji alinipigia simu. Kanisa la Columbus litakuwa na siku ya vitu vya kale, makutaniko ya miji yetu yamealikwa, na wakusanyaji wa sarafu wa mjini watakuja pia kutazama. Yeye ataipeleka sarafu ile.

"Shemeji, unipe yale maneno yako ya kitaalamu," alisema. "Donc, wale wazungu wajue na sisi tuko watu."

Hakuniomba radhi. Basi nikampa maneno. Nilimwambia kwamba ubapa ule ni wa asili, na kwamba sarafu za kikombe ni za kuigiza tu. Nyufa za ukingoni aziite miale ya taji. Shimo la nyundo aliite muhuri wa pili wa mfalme. Mng'ao wa ndimu auite ngozi ya kuzaliwa. Kila jeraha alilolitia nililipa jina la heshima. Mkusanyaji yeyote akiyasikia maneno hayo huku ameishika sarafu mkononi, atacheka mpaka akae chini, na safari hii watu wote watamcheka mwingine. Wiki nzima nililala vizuri.

Jana dada yangu alinipigia. "Yaya," alisema, maana ndivyo tunavyomwita kwetu ndugu mkubwa, "bwana yangu anatetemekaka mbele ya watu. Ni miye nitasema. Nimeshika yote kwa kichwa. Usikie." Akayasema yote, miale ya taji, muhuri wa pili, ngozi ya kuzaliwa, bila kukosea hata moja. Kisha akacheka kwa furaha. "Na nitaanza hivi: haya yote nimefundishwa na yaya wangu, yule munamuitaka Kizibo. Siku hiyo hilo jina litakufa."

Nilimwambia amesema vizuri.

Wataondoka Buffalo Jumamosi alfajiri. Nikimweleza dada yangu ukweli, atajua kwamba mimi, niliyetetewa naye, nilikuwa nikimtegea mumewe mtego, na shemeji atapata hadithi nyingine ya kusimulia. Nikinyamaza, atakayechekwa mbele ya watu wote ni dada yangu, akilitaja jina langu.

Msiniandikie kwamba nisamehe. Hilo nalisikia kila Jumapili na sijabadilika. Ninachowaomba nyinyi mnaosoma ni njia ya kumwaibisha shemeji bila kumgusa dada yangu. Kama mnaijua, niambieni leo. Kama haipo, semeni wazi kwamba haipo, ili niinue simu wakati dada yangu bado yuko nyumbani.