Kuipa Picha Mgongo

Siku yangu ya kwanza kazini, katika jumba moja la picha hapa London, nilisimama mbele ya mchoro wa ziwa la Italia nikasahau kilichonileta. Maji yale na milima ile vilinirudisha kwetu Bukavu, kando ya ziwa letu. Mkuu wa walinzi akanikuta nimeduwaa.

"Unalinda nini, bibie?"

"Picha, bwana."

"Picha haina miguu. Wenye mikono ni hawa." Akanionyesha wageni. "Ipe picha mgongo, tazama mikono."

Hiyo ndiyo kazi yetu, vijana wangu. Unasimama mikono nyuma mpaka aje mpokezi, yaani mwenzako wa kukupumzisha. Baadaye niliwekwa mlangoni nikikagua mikoba, nikahamishiwa vyumba vya picha za Waholanzi, hatimaye msimamizi wa ghorofa, mama mkali asiyejua kutabasamu, akanirudisha kwa Wataliano. Nilitamani kumkumbatia. Lakini ziwa langu niliendelea kuliona kwa kuibia tu, shingo upande. Nikajiapia kwamba nikistaafu nitakwenda hukohuko Italia, nitazame mpaka nishibe.

Nilipostaafu, binti yangu Furaha akanipeleka. Tulizunguka mji wa Como, kando ya ziwa lile, tukapanda boti mpaka Varenna, nikala samaki wao nikawasifu, ingawa hawafikii sambaza, dagaa wa ziwa letu. Kisha tukaingia kanisa lenye fresko, picha iliyopakwa ukutani plasta ikiwa bado mbichi.

Punde bwana mmoja akanyoosha kidole auguse ukuta.

"Hatua mbili nyuma, tafadhali!" nikasema.

Akarudi haraka, akaomba radhi. Bibi mmoja naye akaja kuniuliza choo kiko wapi.

Furaha alicheka mpaka akashika mbavu. "Mama, you're not at work! Geuka basi!"

Kweli, nilikuwa nimesimama mikono nyuma, nimeipa picha mgongo. Safari yote ile kuja kutazama watalii!

Nikageuka. Malaika wamepiga magoti, na nyuma yao ziwa, lilelile, halina haraka na mtu. Machozi yakanitoka, wala sioni haya kusema. Nikasogea, nikasogea tena.

Mtu akakohoa. Alikuwa mzee wa kanisa, mwenye funguo, amesimama kando ya mlango, mikono nyuma. Picha hakuitazama hata kidogo. Alikuwa akitazama mikono yangu.

Nikaitia mfukoni, nikarudi hatua mbili, nikaendelea kutazama.